Fenesi changa ni kitoweo kizuri, ila lisiuzwe kama nyama

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuseme neno kuhusu fenesi changa. Kila Kwaresima inapokaribia, na siku hizi hata nje ya Kwaresima, simu za watu hapa Dodoma hujaa video za "nyama ya fenesi". Mtu anachambua fenesi kwa uma, linachambuka nyuzi nyuzi kama steki iliyoiva vizuri, anamwagia sosi, basi, chakula tayari. Wanaojaribu nyumbani wengi huishia na uji wenye utamu wa ajabu, au vipande vigumu vinavyonata kwenye meno, kisha wanatangaza kwamba fenesi halifai. Linafaa sana. Ila kosa huwa limeshafanyika sokoni au kwenye maji ya kuchemshia, na viungo vya video haviwezi kuliokoa tena. Wanaolifanyia biashara nao wana kosa lao: wanalinadi kama mbadala kamili wa nyama, wakati kinachofanana na nyama ni utafunaji wake tu. Lishe ni habari nyingine, na tutaifikia.

Tuanze sokoni. Fenesi huchukua kama miezi minne hadi sita tangu ua hadi kuiva, kutegemea mti na hali ya hewa. La kupika kama mboga huchumwa likiwa na wiki sita hadi kumi, kabla halijaanza kutengeneza sukari na kabla mbegu hazijapata ganda gumu. Uzito mzuri ni kilo 1 hadi 3. Liangalie vijimiba: katika fenesi changa vimesongamana, ni vya kijani kibichi na vina ncha kali, likikomaa vinatawanyika, vinalala na rangi inaelekea njano. Ligonge kwa vidole: changa hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi, lililokomaa hulia kama lina uwazi ndani. Ukiwa na shaka, mwombe muuzaji alikate. Ndani pawe peupe au krimu, mbegu ziwe laini kiasi cha kukatika kwa kisu bila kukwama. Ukiona kokwa lenye ngozi ngumu na nyama ya njano inayonukia, hilo mpe mtoto ale likiiva. Hakuna pilipili inayoweza kuficha ule utamu kwenye rosti.

Kuna pia kitu kinachowachanganya watu wanaochuma wenyewe Morogoro au Muheza. Mfenesi hutoa maua dume na maua jike kwenye mti mmoja, na matunda yake hukaa kwenye shina na matawi manene. Vile vidude vidogo mfano wa kidole, ambavyo baadaye hunyauka, huota ukungu, huwa vyeusi na kuanguka, ni maua dume. Si mafenesi machanga yaliyodumaa, na mtu asikuuzie mfuko wake. Wala shelisheli si fenesi changa, ingawa ni ndugu wa ukoo mmoja: shelisheli ni wanga mtupu, ukilichemsha linafanana na kiazi, nyuzi hulipati.

Kwetu huku mfenesi haustawi bila kumwagiliwa. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa maeneo mengi hazivuki milimita 600 kwa mwaka, wakati mti huu asili yake ni misitu yenye mvua nyingi ya kusini-magharibi mwa India. Kwa hiyo fenesi linalofika Majengo, Sabasaba au soko la Job Ndugai limesafiri, mara nyingi kutoka milima ya Morogoro, kilometa zaidi ya 250. Wachuuzi hubeba yaliyokomaa kwa sababu ndiyo yanayoulizwa. Changa likishachumwa halisubiri: ndani ya siku chache moyo unakuwa mgumu na nyama inaanza kuwa na madoa ya kahawia. Ukilipata, likate siku hiyo hiyo au kesho yake.

Utomvu ndio unaowakimbiza wengi. Hauyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kukimbilia sabuni na maji ni kuusambaza tu. Unakubali mafuta. Kabla ya kugusa kisu, paka mafuta ya kula mikononi hadi vifundoni, kwenye kisu pande zote mbili, na kwenye ubao. Tandika magazeti mezani (ya jana, Mhariri, si ya leo). Kata upande wa kikonyo kwanza, kama sentimita 2, kisha lisimamishe fenesi upande uliokatwa ukiwa chini kwa dakika 15 hadi 20 utomvu uchuruzike. Futa kwa karatasi, si kwa kitambaa unachokipenda. Ukimaliza kazi yote, sugua mikono na kisu kwa mafuta tena, futa, ndipo uoshe kwa sabuni na maji ya moto. Wapo wanaotumia mafuta ya taa kuondoa utomvu. Ni kweli yanauondoa, lakini harufu yake haitoki kwenye ubao wa mbao, na chakula kitakachokatwa hapo kesho kitaieleza. Mwenye mzio wa glavu za mpira awe mwangalifu na utomvu huu. Mwingine amenye kwa niaba yake.

Kumenya fenesi zima kama unavyomenya papai ni kujitesa. Likate mapande ya mviringo yenye unene wa sentimita 3, laza kila pande, kisha kata ganda kuzunguka pamoja na ule utando mweupe mgumu wa nusu sentimita chini yake. Usiuonee huruma utando huo, haulainiki. Moyo wa katikati uuamue kwa kisu: kwenye fenesi la chini ya kilo 2 kwa kawaida kisu kinapita bila kelele, nao unaliwa, kwenye kubwa zaidi uondoe, maana una mbao na ndipo utomvu ulipojaa. Mbegu changa ziache humo humo. Vipande vitupie mara moja kwenye maji lita 3 yaliyokamuliwa ndimu mbili, la sivyo vitakuwa vyeusi kwa kupigwa na hewa. Tarajia karibu nusu ya uzito uliolipia iende na maganda. Fenesi la kilo 2 litakupa kama kilo 1 ya mnofu.

Sasa maji ya kuchemshia, mahali ambapo mapishi mengi yanaharibika. Vitoe vipande kwenye maji ya ndimu, vioshe, uvitie kwenye maji mapya lita 3 kwa kila kilo, chumvi vijiko viwili vya chai na mafuta kijiko kimoja kikubwa ili utomvu uliobaki usigande kwenye sufuria. Usitie ndimu humu, wala siki, wala nyanya. Asidi huzuia mmea kulainika. Fenesi bichi likitiwa moja kwa moja kwenye rosti ya nyanya linaweza kukaa jikoni saa nzima na bado likakutazama. Na magadi? Tunajua mkono wa huku kwetu ulivyozoea magadi kwenye mlenda na maharage. Kwenye fenesi yaache kabisa. Magadi hufanya kinyume cha asidi: huvunja kile kinachoshikilia nyuzi pamoja, na baada ya robo saa unabaki na uji wa kijivu.

Muda ni dakika 35 hadi 45 tangu maji yachemke, sufuria ikiwa imefunikwa nusu. Video za Dar es Salaam husema dakika 30. Huko maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo ongeza muda. Kwenye sufuria ya presha dakika 10 hadi 12 zinatosha. Kipimo kiwe uma na si saa: uingie bila nguvu, lakini kipande ukikiinua kisikatike. Yale maji yamwage. Yamebeba ukakasi na utomvu, hayafai kuwa supu.

Ukishachuja, tandaza vipande kwenye ungo au chujio pana kwa nusu saa. Kiangazi, upepo wetu mkavu hufanya kazi hiyo haraka kuliko jiko lolote. Kisha weka kwenye kitambaa safi ukamue, kidogo kidogo, bila kuponda. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayotenganisha kitoweo na uji. Kitu chenye maji juu yake hakiwezi kukaangika. Joto lote linaishia kuyafanya maji kuwa mvuke, na hadi yaishe fenesi linachemka tu ndani ya mafuta. Baada ya kukamua, chambua kwa vidole kufuata nyuzi, au gonga kila kipande mara mbili tatu kwa mchi. Gonga, usitwange.

Kwa rosti ya watu 6, pima fenesi kilo 1 lililokwisha kukamuliwa. Andaa mafuta ya alizeti mililita 150. Tunajua yanaonekana mengi, lakini fenesi karibu halina mafuta yake na hunywa kama biringanya. Pasha nusu ya mafuta kwenye kikaangio kipana, tandaza fenesi unene usiozidi sentimita 2, nyunyiza chumvi, uliache dakika 4 bila kuligusa, geuza, dakika 4 nyingine, hadi kingo ziwe za kahawia na zianze kukauka. Kama kikaangio ni kidogo, kaanga kwa mafungu. Ukijaza lote kwa pamoja litatoa maji na utarudi ulikotoka. Weka pembeni.

Kwenye sufuria, mafuta yaliyobaki yapate moto, tia vitunguu maji vikubwa 3 vilivyokatwa vyembamba. Kaanga bila haraka, dakika 12 hadi 15, viwe rangi ya dhahabu iliyokolea. Tia kitunguu saumu punje 6 na tangawizi gramu 20 vilivyopondwa, dakika moja. Halafu binzari nyembamba kijiko 1 cha chai, giligilani ya unga kijiko 1, pilipili manga nusu kijiko. Sasa nyanya ya kopo vijiko 2 vikubwa, na hapa tunaomba subira: kaanga hadi iache wekundu wake wa kung'aa, iwe kama rangi ya tofali, na mafuta yajitenge. Nyama huleta ladha yake yenyewe nzito. Fenesi haliji na chochote, kwa hiyo uzito wa ladha lazima uutengeneze kwa kukaanga vitunguu na nyanya vya kutosha. Aliye na uyoga mkavu aupondeponde kiganja kimoja autie hapo. Tia nyanya mbichi gramu 500 zilizokunwa, pika dakika 10. Changanya karanga zilizokaangwa na kusagwa gramu 150 na maji ya moto mililita 400, mimina, koroga mfululizo kwa moto mdogo dakika 10 maana karanga hushika chini bila kukuaga. Rudisha fenesi, funika, dakika 10 hadi 15. Onja chumvi, kamulia nusu ndimu, ipua. Inakwenda vizuri na ugali wa mtama au wa uwele kuliko na wali, kwa maoni yetu, kwa sababu ni mchuzi mzito usiotaka chakula cha kuunyonya. Ikilala hadi kesho inakuwa tamu zaidi.

Mishikaki ina sheria zake. Hapa chemsha dakika 20 hadi 25 tu, toa fenesi likiwa bado linakaza kidogo, la sivyo litakatikia kwenye kijiti na kuangukia makaa. Kata vipande vya sentimita 3. Vijiti vya mianzi vilowekwe nusu saa. Kuloweka fenesi lenyewe: ukwaju gramu 50 uliolowekwa kwenye maji ya moto mililita 150 na kuchujwa (mikwaju tunayo ya kutosha, hakuna sababu ya kununua siki), vitunguu saumu punje 5, pilipili ya unga, chumvi, mafuta vijiko 4 vikubwa. Papai bichi ambalo wachoma nyama hulitumia kulainishia halina kazi hapa. Lile papai hushambulia protini, na fenesi karibu halina protini ya kushambulia. Kwa sababu hiyo hiyo saa mbili zinatosha, kulaza usiku kucha hakuongezi kitu. Kabla ya kupanga kwenye vijiti, nyunyizia unga wa dengu vijiko 3 vikubwa, uchanganye. Huo ndio utakaotengeneza gamba la nje, kazi ambayo kwa nyama hufanywa na mafuta na protini yake yenyewe. Makaa yawe yamefunikwa na majivu meupe, wavu uwe juu kama sentimita 10, geuza kila dakika 2, paka mafuta mara mbili. Dakika 10 hadi 12. Asiyekuwa na jiko la kubanikia na anataka moshi afanye hivi: kikombe kidogo cha chuma katikati ya sufuria ya fenesi lililoiva, kaa moja jekundu ndani yake, matone machache ya mafuta juu ya kaa, funika dakika 5, mlango ukiwa wazi.

Mtu aliyezoea nyama ya mnada wa Msalato hatadanganyika, na asidanganywe. Lakini akipewa kachumbari na ndizi za kuchoma atamaliza kijiti na kuomba kingine.

Sambusa hatuna mengi: kaanga fenesi lililochambuliwa hadi likauke kabisa, tia vitunguu mwishoni na si mwanzoni, acha lipoe kabisa kabla ya kufunga. Likifungwa la moto, mvuke unalainisha manda na sambusa inapasukia kwenye karai. Kwenye pilau, kaanga fenesi pembeni, litandaze juu ya wali maji yakiwa yameshakauka. Ukilitia mwanzo pamoja na mchele, halitaonekana tena.

Wenye makopo: yapo kwenye baadhi ya maduka makubwa. Soma lebo, chukua la maji ya chumvi, achana na la sharubati. Kopo la gramu 565 hutoa kama gramu 280 baada ya kuchujwa. Limeshaiva, kwa hiyo ruka kuchemsha: loweka dakika 10 kwenye maji safi, badilisha maji mara moja, kamua, kaanga.

Tumeahidi kufika kwenye lishe. Gramu 100 za fenesi changa zina protini gramu 2 hadi 3 hivi. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa, uzito huo huo, ina gramu 25 na ushei. Maharage yaliyopikwa yana gramu 8 hadi 9, karanga kama 25. Hesabu ni ya darasa la nne: aliyeondoa nyama kwenye sahani akaweka fenesi peke yake amekula mboga yenye nyuzinyuzi nyingi, nzuri kwa tumbo, lakini hajala mbadala wa nyama. Ndiyo sababu rosti yetu ina gramu 150 za karanga, na ndiyo sababu tunashauri iandaliwe kwenye sahani moja na choroko au maharage. Vitamini B12 fenesi halina kabisa. Watoto wadogo na wajawazito wasiondolewe dagaa, mayai au maziwa kwa sababu video imesema fenesi ni nyama. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari wake kwanza, maana tunda hili linayo kwa wingi. Wenzetu wa Asia, ambao wamelipika tangu enzi na enzi, kwa kawaida hawalili likiwa pweke. Yogyakarta, Indonesia, gudeg yao ya fenesi changa na tui huliwa pamoja na yai, kuku au tempe, yaani soya iliyochachushwa. Sri Lanka nao wana polosi, mchuzi mzito wa fenesi changa wa nazi, ambao huliwa na wali na dengu.

Kama protini ndiyo shida yako, kuna utajiri unaotupwa kila siku kwenye majalala ya masoko yetu: kokwa za fenesi lililoiva. Zina protini gramu 6 hadi 7 kwa kila 100. Zichemshe kwa chumvi dakika 30, menya ngozi ya nje, saga au ponda, changanya na fenesi changa kwa kiasi cha moja kwa tatu. Zinashikamanisha kababu vizuri kuliko makombo ya mkate. Zisiliwe mbichi, zina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaokiondoa.

Kwa wenye migahawa, mambo mawili. La kwanza ni unga wa mchuzi wa pakiti. Baadhi ya aina zina ladha au mafuta ya nyama, na mteja aliyefunga, Mhindu asiyekula nyama, au Msabato aliyekuja kwako kwa kuamini neno "fenesi" kwenye ubao ana haki ya kujua. Soma pakiti, au tumia viungo vyako. Mafuta yaliyokaangia kuku yasikaangie sambusa zake. Andika "rosti ya fenesi". Ukiandika "nyama ya fenesi", mlaji wa nyama atajiona ameibiwa na asiyekula nyama ataogopa kukaa.

La pili ni bei. Tuseme umenunua fenesi la kilo 3 kwa shilingi 3,000. Mnofu ni kilo moja na nusu, kwa hiyo kilo imekusimamia shilingi 2,000 kabla ya mafuta, karanga, gesi au mkaa, na saa moja ya mtu wa kumenya. Wanaokokotoa kwa uzito wa fenesi zima hujikuta wanauza sahani kwa hasara wiki nzima, kisha wanapandisha bei ghafla Bunge likianza, na wateja wanakimbia.

Likiwa jingi, hifadhi. Lililochemshwa na kukamuliwa hukaa kwenye friji siku 3, kwenye friza miezi kadhaa, na kugandishwa hakuliharibu, kunalegeza nyuzi kidogo tu. Asiye na friza akaushe: chemsha vipande vya nusu sentimita kwa dakika 5, vitandaze kwenye chekeche chini ya chandarua, juani siku 2 hadi 3, viingizwe ndani usiku, hadi vikatike kwa mlio. Kilo moja hubaki gramu 150 hadi 200. Miezi ya Juni hadi Oktoba mkoa huu unakausha vizuri sana, na kila nyumba inayojua kukausha mlenda tayari inajua kazi hii. Kurudisha, loweka saa 2 kwenye maji ya vuguvugu, kisha chemsha kama kawaida.

Kinachobaki ni kulipata. Mkulima mwenye mfenesi uliobeba kupita kiasi hufaidika akipunguza matunda yangali madogo, kwa sababu yanayobaki hupata chakula cha kutosha na kuwa makubwa. Hayo ya kupunguzwa ndiyo tunayoyataka, na mengi huozea chini ya mti. Wachuuzi wa njia ya Morogoro wakiambiwa kwa uwazi kwamba Dodoma kuna wanunuzi wa mafenesi ya kilo 1 hadi 3, yenye vijimiba vya kijani, yaliyochumwa na kikonyo chake kirefu ili utomvu usimwagikie mzigo mwingine, wataleta. Wateja nao wayaagize mapema, wawili watatu kwa pamoja, maana hakuna mchuuzi atakayebeba fenesi moja la kubahatisha.

Kwako Mhariri, ombi letu ni dogo: kwenye jedwali lako la bei za mazao, fenesi limeandikwa kwa tunda, kubwa na dogo bei moja. Ongeza mstari wa fenesi changa, bei kwa kilo, ili mnunuzi na mchuuzi wajue wanaanzia wapi kupatana.

Ni sisi wasomaji wako,
Mama lishe wa Majengo,
Dodoma.